Ngano Isiyoitikiwa: Niliyojifunza kwa Kuandaa Usiku wa Hadithi Unguja

Usiku wa tarehe 7 Julai 2022 nilisimama kando ya jukwaa nililolikodi kwa fedha zangu mwenyewe, nikamsikiliza bibi mmoja wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, akiimba wimbo ulio katikati ya ngano yake. Alipofika mwisho wa ubeti alinyamaza kusubiri kiitikio, nacho hakikuja. Aliuimba tena, akasubiri tena. Mara ya tatu aliuimba kwa sauti ya chini, akiwatazama watu waliokaa kwenye viti vya plastiki kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ana hakika kwamba wenyewe wamo ndani. Kisha akaziruka nyimbo zote zilizobaki, akaimalizia ngano kwa maneno machache na kuomba mkono wa kumsaidia kushuka ngazi. Watu walimpigia makofi mengi. Mimi nilishindwa kupiga, kwa sababu ngano ileile nilikuwa nimeisikia kwake miezi miwili kabla, na nilijua kwamba waliokuwa pale hawakuisikia hata robo yake.

Ninaandika simulizi hii kwa ajili ya mwalimu, kijana wa kikundi cha sanaa, au mjukuu yeyote anayetamani kuwakutanisha wazee watambaji, yaani wasimulizi wa ngano, na watu wa leo. Makosa niliyoyafanya yalikula akiba yangu ya miezi kadhaa, na moja kati ya hayo lilimvunjia heshima mzee aliyeniamini. Hakuna lililokuwa la lazima, na yote yangeweza kuepukika kama ningeuliza kabla ya kupanga.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Unguja. Kila mwaka ninafundisha fasihi simulizi, na kila mwaka wanafunzi wangu huandika vizuri kabisa maana ya fanani, yaani mtambaji, na hadhira na kutaja sifa za ngano moja baada ya nyingine, ilhali wengi wao hawajawahi hata mara moja kuambiwa "Paukwa!" na mtu mzima naye akasubiri wamjibu "Pakawa!" Mimi nililelewa na bibi yangu huko Kusini, na kwangu maneno hayo yalikuwa mlango wa usiku. Bibi alikuwa akiendelea kwa mfululizo usiokatika, kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, vijino kama chikichi, vya kujengea vikuta na vilango vya kupitia, na sisi tulikuwa tumekwisha kujikunja mikekani kabla hajafika kwenye hivyo vilango. Kwa hiyo UNESCO ilipoitangaza, mwezi Novemba 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, niliamua kwamba katika maadhimisho ya kwanza kabisa ningewaletea watu wa mjini ngano zinazotambwa na wenyewe.

Mwezi Mei nilikwenda Makunduchi kwa shangazi yangu, naye akanipeleka kwa jirani yake, ambaye ndiye bibi ninayemzungumzia. Nilibisha hodi saa nne asubuhi, nikamwamkia, nikaweka simu yangu mbele yake ili imrekodi na kumwomba anitambie ngano moja. Alinitazama, akaniuliza kama kweli nimelelewa na bibi. Bibi yangu alikuwa akitukataza kutamba ngano mchana kwa kututisha kwamba tutaota mikia, lakini nilidhani kwamba hayo yalikuwa ya watoto tu. Kwa kuniheshimu, alinisimulia ngano ya msichana na zimwi kwa dakika nne, mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayetoa taarifa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Alipomaliza alisema, "Hii umepata majina ya waliomo tu, mwanangu. Ukiitaka ngano, njoo usiku, na uwakute watoto."

Nilirudi usiku. Wajukuu na watoto wa jirani walikuwa tisa au kumi uani, na kazi ilianza kwa vitendawili, "Kitendawili!" "Tega!", mpaka kila mtoto akawa amejibu au ametoa mji. Ndipo ngano ikaanza. Ni ile ya wasichana waliokwenda pwani kuokota makombe, mmoja wao akalisahau kombe lake zuri juu ya mwamba, akarudi peke yake kulifuata na kumkuta zimwi amelikalia. Zimwi akamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye mji hadi mji, akipiga ngoma ili apewe chakula, na kila alipoipiga, msichana aliimba kutoka ndani. Kila mji ulikuwa na wimbo, na kila wimbo uliitikiwa na watoto wale kwa kupiga makofi. Bibi alikuwa akiurefusha au kuufupisha mji kufuatana na walivyoitikia. Mmoja alipoanza kusinzia, zimwi alinguruma karibu na sikio lake. Mwingine alipouliza kama yule msichana alikuwa na njaa, mara moja mji uliofuata ukawa na mwanamke mwema aliyepenyeza andazi kwenye tundu la ngoma, jambo ambalo sikulisikia asubuhi na sikulisikia tena siku nyingine yoyote. Mwishoni ngoma ilifika katika mji wa wazazi wa msichana, mama akaitambua sauti ya mwanawe, na uani pale watoto wakapiga ukelele kabla bibi hajasema lolote. Ilichukua karibu nusu saa.

Nilikuwa nimepewa somo lote usiku ule, nikaliona kwa macho yangu na bado sikulielewa. Nilirudi mjini nikiamini kwamba ngano ile imo ndani ya bibi, na kwamba kazi yangu ni kumchukua bibi na kumweka mahali ambapo watu wengi wataweza kumwona.

Kila nilichokipanga baada ya hapo kilitokana na imani hiyo. Nilikodi jukwaa na turubai kwa shilingi 350,000, spika na kipaza sauti pamoja na fundi wake kwa 200,000, viti 150 kwa 75,000, gari la kuwaleta wazee kwa 180,000, na nikatenga 145,000 za vinywaji na vitafunio. Wazee watatu waliotamba niliwaandalia bahasha za shilingi 20,000 kila mmoja. Jumla ilikuwa 1,010,000, na ninaitaja kwa makusudi, kwa sababu yeyote atakayeyatazama mahesabu hayo ataona kwamba waliokuwa ndio ngano yenyewe walipata fungu dogo kuliko viti walivyokalia watazamaji. Wakati ule sikuliona hilo.

Tarehe nayo sikuipima. Katika kalenda ya shule ilikuwa Siku ya Kiswahili, lakini katika nyumba za watu zilikuwa zimebaki siku mbili tatu tu kabla ya Idi ya kuchinja, na akina mama, ambao ndio wangeleta watoto, walikuwa na nguo za kushona na nyumba za kusafisha. Waliofika hawakuzidi 60, wengi wao wakiwa walimu wenzangu na vijana, na watoto walikuwa wachache mno. Anayepanga usiku wa hadithi katika pwani yetu na asiangalie mwezi mwandamo anajitafutia viti vitupu.

Niliwapa wazee dakika kumi kila mmoja. Pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi kama mwalimu wa lugha, nilimwomba bibi atambe kwa Kiswahili sanifu ili watu wa mjini wamwelewe. Yeye hutamba kwa lahaja ya Kimakunduchi, ambayo wenyewe huiita Kikae. Alikubali bila kubisha, akasema atajitahidi. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kuanzia hapo lahaja nyingine zilianza kuonekana kana kwamba ni makosa ya kusahihishwa. Mimi huyafundisha hayo darasani kama historia, nami nikayarudia kwa mzee wa watu. Matokeo yake ni kwamba kila alipotaka kutamka jambo alisita kulitafsiri, na mizaha yake, ambayo hukaa katika sauti za Kikae, ilipotea njiani. Nyimbo hakuweza kuzitafsiri kwa sababu hazitafsiriki, kwa hiyo aliziacha kama zilivyo, na waliokaa chini hawakujua lini wapokee wala waseme nini.

Kipaza sauti kilikamilisha uharibifu. Alikishika kwa mikono miwili, akabaki bila mikono ya kupigia ngoma ya zimwi. Sauti yake ilitoka kwenye spika mbili zilizokuwa mbali naye, watu wakawa wanazielekea spika kwa masikio na kumwelekea yeye kwa macho. Taa za jukwaani zilimmulika hata asiweze kuziona nyuso za watu. Mtu aliyezoea kunyoosha mkono na kumgusa mtoto anayesinzia alikuwa amewekwa juu, mwangani, peke yake, mbele ya giza. Katika hali hiyo ndipo alipoimba na asiitikiwe.

Mimi mwenyewe nilitamba usiku ule, na yaliyonipata ni funzo la namna nyingine. Nilichagua ngano ya Kima na Papa kama ilivyo katika mkusanyiko wa ngano za Unguja uliotolewa na Edward Steere huko London mwaka 1870. Ni ngano niipendayo mno: kima anayekaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akimtupia papa matunda, hadi siku papa anapomchukua mgongoni na kumwambia wakiwa katikati ya maji kwamba sultani wake ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angeambiwa mapema, maana wao wakitembea huiacha mioyo yao mitini. Nilikuwa nimeihifadhi neno kwa neno kwa wiki tatu. Niliposema "papa akarudi ufukweni", mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Hana akili huyo!" na watu wakacheka. Mzee yule alikuwa ananipa zawadi, lakini mimi niliichukua kama usumbufu, kwa sababu sentensi iliyofuata ilikuwa imekwisha kutoka kichwani. Nilisimama kimya muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Baadaye nilitafakari kwamba ngano hii ina ndugu zake katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa ngano za India, na katika Kalila wa Dimna, kitabu cha ngano alichokitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu kwenye karne ya 8, ambako rafiki wa kima aishiye majini si papa. Isingefika mbali hivyo kama kila mtambaji angeibeba neno kwa neno kama nilivyoibeba mimi. Kinachobebwa ni mifupa tu: mkuyu, mgongo wa papa, dawa, moyo ulioachwa mtini, kurudi. Nyama huwekwa palepale, kwa waliopo.

Kosa la mwisho la usiku ule lilianza kuniumiza siku mbili baadaye. Kijana mmoja alirekodi video ya bibi kwa simu, nami nilimwona na sikusema kitu, kwani nilifurahi kwamba kumbukumbu inapatikana. Video ilisambaa katika makundi ya WhatsApp, na kipande kilichokatwa na kusambazwa ni kile cha bibi akisubiri kiitikio, kikiambatana na maneno ya kumcheka. Mtoto wake mkubwa wa kiume alinipigia simu. Hakunifokea, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kumsikiliza. Aliniuliza tu kama mama yangu ningemweka hivyo.

Nilikwenda Makunduchi siku ya tatu ya Idi kuomba radhi, nikiwa na shangazi yangu kwa sababu nisingethubutu kwenda peke yangu. Bibi alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Nilipomwambia kwamba watu wa mjini hawajui kusikiliza, alinikataza kuwasingizia. Alisema, "Watu hukuwafundisha wimbo, na mimi hukunifundisha watu. Ulitukutanisha kwa mbali." Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya nianze upya: katika wote waliokuwa pale, nani alikuwa na kazi ya kufanya zaidi yake yeye? Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimemwachia mzee wa miaka zaidi ya sabini mzigo ambao uani kwake hubebwa na watu kumi.

Nilingoja mwaka mzima. Safari ya pili sikumpeleka bibi mjini, bali niliwapeleka watu wa mjini kwake. Tulichagua pamoja usiku wa tarehe 1 Agosti 2023, mwezi ukiwa mpevu na kipupwe kimekausha njia, baada ya sala ya Isha. Mwezi ulitusaidia kwa jambo ambalo taa za umeme haziwezi: bibi aliziona nyuso zote na nyuso zote zilimwona. Sheha tulimwona wiki mbili kabla, naye akasema jambo la maana, kwamba tuwaarifu majirani wenye wagonjwa na wenye msiba, maana kelele za furaha huingia kila nyumba bila hodi.

Niliwachukua wanafunzi na wadogo zao 24 katika gari moja, kwa shilingi 160,000. Watoto wa kijijini walikuwa takriban idadi hiyohiyo. Tulifika saa kumi na moja jioni, na muda wote kabla ya Magharibi ulitumika kwa kazi moja: watoto wa Makunduchi waliwafundisha wageni viitikio vya nyimbo tatu, pamoja na maneno ya Kikae yaliyomo, wakiwa wanamenya mihogo. Sikuwaruhusu wageni wakae upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Kila mgeni alikaa mkekani kati ya wenyeji wawili, hivi kwamba wimbo ulipoanza, asiyejua aliburutwa na sauti za kulia na kushoto kwake. Kama nina neno moja tu la kumpa mwandaaji, basi ni hilo: waitikiaji wako wasikae kama kwaya, watawanye ndani ya watu.

Mikeka ilipangwa duara lisilofungika, bibi akiwa amekaa kwenye kigoda ndani ya duara na si mbele yake. Watu hawakufika mia, na hilo lilikuwa sharti lake, kwamba asiyeweza kusikia sauti yake bila mashine yuko mbali mno. Tulianza kwa vitendawili kwa muda mrefu. Nilikuwa na wasiwasi kwamba tunachelewa, lakini sasa ninajua kwamba vitendawili ndivyo vinavyowatoa watu aibu. Mtoto aliyekwisha kusema "Tega!" mara ishirini hawezi tena kuona haya kusema "Pakawa!" Hapakuwa na dakika zilizopangwa. Mzee mvuvi, mmoja wa watambaji wetu watatu, alitamba kwa muda mfupi tu kwa sababu aliona watu wanamsubiri bibi, na bibi alitamba hadi karibu na saa nne na nusu.

Ngoma ya zimwi ilipita miji saba usiku ule. Katika mji wa tatu, mtoto mmoja wa mjini aliuliza kwa nini watu wa mji hawafungui ngoma ikiwa wanasikia mtoto anaimba ndani. Nilijikaza nisimnyamazishe, maana hiyo ndiyo tabia yangu ya darasani. Bibi alimgeukia, akamuuliza, "Wewe umeisikia?" Mtoto akasema ndiyo. "Basi mbona umekaa?" Yule mtoto alisimama, na kuanzia hapo mpaka mwisho alikuwa amesimama, na ukelele wa mji wa mwisho ulianza kwake. Bibi alifunga kama watambaji wa kwetu wanavyofunga tangu zamani, kwamba ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake.

Kuhusu malipo, nilikosea mara ya kwanza kwa kuwapa wazee bahasha jukwaani huku nikitaja kwamba ni shukrani ndogo. Mbele za watu ilionekana kama sadaka. Safari hii nilikubaliana nao wiki kadhaa kabla, ndani ya nyumba, nao watatu walipata shilingi 50,000 kila mmoja na doti moja ya kanga ya shilingi 15,000 kwa ajili yake au mkewe. Chai ya tangawizi, mihogo na samaki viligharimu 90,000. Jumla ilikuwa 445,000, chini ya nusu ya mara ya kwanza, na fungu kubwa lilikwenda kwa watambaji. Ninawasihi waandaaji wasidhani kwamba mzee akikataa kutaja bei basi hahitaji kulipwa. Anangoja wewe uonyeshe kwamba unajua thamani yake.

Simu zote zilikaa ndani ya kapu la ukili mlangoni. Tulirekodi kwa chombo kimoja, kwa ruhusa ya bibi na mwanawe, nao ndio wanaoamua nani asikilize. Nakala ya kwanza nilimpelekea bibi kabla ya kubaki nayo mimi. Ninapoisikiliza, sauti ya bibi husikika chini ya sauti za watoto, na mwanzoni nilidhani kwamba chombo kiliwekwa vibaya. Kiliwekwa sawasawa, miguuni pake.

Tumefanya hivyo tena mwaka 2024. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia bibi hali kwa sababu miguu inamsumbua, na katika mazungumzo aliniuliza kama watoto wale wa mjini wanaukumbuka wimbo au wameuacha kwenye gari. Nilimpigia simu mama wa yule aliyesimama, nikamwomba amwite mwanawe, nikaweka simu katika spika na kuishika karibu na bibi. Hakumsalimu. Aliimba ubeti wa mji wa kwanza, akanyamaza kusubiri. Kulikuwa na kelele za sahani upande wa pili, kisha kiitikio kikaja, kwa Kikae, kwa sauti ya yule mtoto, na nyuma yake sauti nyingine mbili ndogo ambazo mimi sizijui.